Gemu za filamu za kucheza na mtoto: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Ukitaka kujua kama gemu ya familia inastahili pesa yako, usimtazame yule anayejua kucheza. Mtazame mchezaji dhaifu kuliko wote pale sebuleni: mtoto wa miaka sita, au bibi ambaye hajawahi kushika padi, yaani kifaa cha mkononi cha kuchezea. Huyo akifurahi, nyumba nzima itacheza. Huyo akikwama na kuiweka padi chini, hata gemu iwe nzuri namna gani, itabaki kuwa ya mtu mmoja.

Mwongozo huu nimeupanga kwa kipimo hicho. Ubora wa picha, urefu wa hadithi na wingi wa wahusika vyote nimeviangalia, lakini vinakuja baada ya swali moja: aliyeshika padi ya pili anapata nini?

Utaona kwamba gemu karibu zote hapa chini ni za LEGO, yaani zenye ulimwengu wa matofali ya plastiki ya kuchezea, zilizotengenezwa na studio za TT Games za Uingereza, hasa Traveller's Tales. Si kwa sababu nimeshindwa kuangalia kwingine. Gemu zinazotokana na filamu zina historia mbaya, na chanzo chake kinajulikana: filamu ina tarehe ya kutoka, na gemu inalazimishwa kuiwahi tarehe hiyo. Mfano unaotajwa mpaka leo ni gemu ya E.T. ya mwaka 1982 kwa mashine ya Atari 2600, ambayo mtengenezaji wake alipewa wiki kama tano tu ili iwahi Krismasi. Nakala zake nyingi zilikosa wanunuzi, na sehemu ya shehena ikaja kuzikwa kwenye dampo la Alamogordo, New Mexico, ambako ilifukuliwa mwaka 2014.

Traveller's Tales walipotoa LEGO Star Wars ya kwanza mwaka 2005 walikuja na njia nyingine. Waliichukua hadithi ambayo watu wengi tayari wanaijua, wakaigeuza kuwa ya vichekesho, wakaipa kanuni ambazo mtoto anazielewa bila kusoma kitu. Mhusika wako akipigwa sana anavunjika vipande vipande, anapoteza kiasi cha sarafu alizookota, kisha anasimama tena palepale. Hakuna kurudishwa mwanzo. Mtu wa pili anabonyeza kitufe anaingia katikati ya mchezo, akiitwa kula anatoka, na mhusika wake anaendelea kuongozwa na kompyuta. Mkimaliza hatua mnaweza kuirudia na wahusika mliokwisha kuwafungua, mkaingia kwenye vyumba vilivyokuwa vimefungwa mara ya kwanza.

Kanuni hizo ziko kwenye gemu zao zote. Tofauti ziko kwenye kamera, kwenye namna skrini inavyogawanywa, na kwenye kiasi cha mambo ambayo mtoto anatakiwa kuyakumbuka kwa wakati mmoja. Hapo ndipo zinapopangika.

1. LEGO Harry Potter Collection

Hizi ni gemu mbili ndani ya kasha moja: ya mwaka 2010 inayochukua miaka minne ya kwanza ya hadithi, na ya mwaka 2011 inayomalizia. Zilisafishwa picha na kutolewa pamoja kwa mashine ya PlayStation 4 mwaka 2016, kisha kwa Xbox One na Nintendo Switch mwaka 2018. Filamu zote nane zimo, na kila gemu ina hatua 24. Ni kazi ya miezi kwa familia inayocheza mwisho wa wiki.

Naiweka ya kwanza kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba wahusika hawaongei. Wananung'unika, wanaguna, wanashangaa kwa mikono na macho, na hadithi yote inasimuliwa kwa vitendo. Traveller's Tales waliachana na mtindo huo mwaka 2012 walipoanza kuwapa wahusika sauti katika LEGO Batman 2, na kwa upande wa familia naona kitu kilipotea hapo. Mtoto asiyejua Kiingereza, au ambaye bado hawezi kusoma maandishi ya chini ya skrini, anaielewa kila kona ya hadithi hii sawasawa na kaka yake mkubwa. Anacheka wakati uleule. Katika gemu zenye maongezi, huyo mdogo anageuka kila mara kuuliza, "Amesema nini?"

Ya pili ni kwamba kazi kubwa ya mchezo ni uchawi, na mapigano ni machache. Unanyoosha fimbo, na karibu kila kitu kinakuitika. Kiti kinayumba, taa inawaka, rundo la matofali linanyanyuka na kujipanga kuwa ngazi. Mchezaji hodari akiwa upande mmoja wa chumba anahangaika na fumbo, yule dhaifu anazunguka upande wa pili akichokoza vitu na kuokota sarafu, na sarafu hizo ni za maana kwa sababu mfuko wa kununulia wahusika na aina za uchawi ni wa timu nzima. Hakuna anayejiona mzigo. Kuna hatua ambapo mnatakiwa kukusanya viungo vya dawa na kuvitia kwenye chungu; hapo mnagawana, wewe unatafuta hiki, yeye kile, na mara nyingi mtoto ndiye anayekiona kwanza kwa sababu anachungulia kila mahali.

Kamera nayo inajiongoza yenyewe ndani ya hatua. Mtoto anatumia kijiti kimoja cha kutembelea na vitufe vichache. Jambo hili dogo ndilo linaloamua mengi, nami nitalirudia kwenye gemu inayofuata.

Kasoro zake zipo, tena za kuudhi. Kulenga uchawi si kwa uhakika: unataka kuinua sanduku, fimbo inachagua kiti kilicho karibu. Gurudumu la kuchagua aina ya uchawi linamchanganya mtoto mdogo, hasa aina zikiwa nyingi, hivyo mkubwa atajikuta akiombwa amchagulie. Hogwarts yenyewe, shule ya wachawi inakotokea hadithi, ni kubwa yenye ngazi na korido nyingi. Mzimu unakuongoza kwa kudondosha sarafu za kivuli njiani, na mtoto anayekimbilia kila mlango anampoteza mzimu huyo baada ya muda mfupi. Kubwa kuliko yote, gemu imejaa vitu visivyofunguka mpaka ujifunze uchawi fulani mbele ya safari au umpate mhusika fulani, na haisemi hivyo waziwazi. Nimewaona watoto wakiligonga sanduku lilelile kwa muda mrefu wakiamini wamekosea wao. Waambie mapema kwamba vingine vinasubiri mrudi baadaye. Sentensi hiyo moja inaokoa machozi mengi.

Gemu ya pili kati ya hizi mbili inafuata filamu zilizo nzito zaidi, zenye vifo. Vichekesho vya LEGO vinapunguza uzito huo, lakini kama mwanao hajaziona filamu hizo, kaa naye unapofika huko.

2. LEGO Star Wars: The Skywalker Saga

Ukiwauliza wapenzi wa gemu, wengi wangeiweka hii juu, na nikiwa nacheza peke yangu ningekubaliana nao. Ilitangazwa mwaka 2019, ikaahirishwa, ikatoka Aprili 2022 kwa PlayStation 4 na 5, Xbox One, Xbox Series X na S, Switch na kompyuta. Filamu tisa zote zimo, kila moja ikiwa na hatua tano, jumla 45. Wahusika wanazidi 300. Zaidi ya hatua zenyewe kuna sayari za kuzunguka upendavyo, vyombo vya angani vya kuendesha, na kazi ndogondogo nyingi kiasi kwamba kuzimaliza zote ni mradi.

Na ni nzuri kwa macho kuliko gemu yoyote ya LEGO iliyotangulia. Mwanga unavyogonga plastiki, mikwaruzo kwenye vichwa vya vikaragosi, mchanga unavyoshikilia nguoni. Mtu mzima anaweza kukaa tu akitazama mtoto anavyocheza na asichoke. Mapigano yamepewa uhai: upanga wa mwanga una mapigo ya kuunganisha, bunduki unalenga kwa kuangalia juu ya bega la mhusika. Uko huru kuanzia filamu ya kwanza, ya nne au ya saba. Kwa mtu mzima aliyekulia kwenye filamu za zamani, kuanzia ya nne ni raha tupu, na kwa mtoto pia naipendekeza ya nne kwa sababu hadithi yake ndiyo iliyonyooka zaidi.

Sasa lile suala la kijiti. Katika gemu hii kamera iko nyuma ya mhusika na unaizungusha mwenyewe kwa kijiti cha kulia. Wewe unayecheza siku nyingi hulioni hilo kama kazi. Kwa asiyezoea, kutembea kwa kidole gumba kimoja huku ukitazama kwa kingine ni ujuzi unaochukua muda kuujenga. Mkae karibu na mtoto wa miaka mitano au sita akicheza hii na utaona: anatembea vizuri hatua chache, kona inakuja, mhusika anapinda, kamera inabaki inatazama ukuta. Mtoto anaendelea kusukuma kijiti kile kile cha kushoto, mhusika anajigonga, naye anakunyooshea padi umtoe. Unamtoa. Kona inayofuata, yaleyale. Katika Harry Potter tatizo hilo kwa sehemu kubwa halipo.

Tatizo la pili ni skrini. Mkiwa wawili inagawanywa wima katikati na kubaki hivyo, hata mkiwa mmesimama bega kwa bega. Faida yake ni kwamba kila mtu anaenda anakotaka bila kumvuta mwenzake, na hilo ni jambo kubwa kwa amani ya nyumba. Hasara yake ni kwamba kila mmoja anabaki na dirisha jembamba refu, ulimwengu wa pembeni umekatwa, maandishi yamekuwa madogo. Kwenye TV kubwa inavumilika. Kwenye TV ndogo ni kuchosha macho, na mtoto aliyekaa mbali na skrini haoni alama ndogo za kumwelekeza. Kucheza wawili ni kwa kukaa pamoja tu. Gemu yenyewe haina njia ya kuungana na mtu aliye mbali kupitia intaneti.

La tatu nalisema kwa masikitiko kwa sababu mchezo huu umetengenezwa kwa upendo: umejaa mno. Menyu ya sayari, menyu ya wahusika, mti wa kuongeza uwezo, alama kila upande wa ramani. Wakati huohuo baadhi ya hatua za hadithi yenyewe ni fupi, zinaisha mtoto ndiyo kwanza ameanza kunogewa, halafu anatupwa tena kwenye sayari yenye watu wanaomtuma huku na kule. Dawa yake ni mzazi kuamua mapema kwamba mnafuata hadithi tu mpaka filamu tatu ziishe, na alama nyingine zote mnazipita kama hamjaziona. Mkifanya hivyo, gemu inatulia na uzuri wake unaonekana.

Jambo zuri la mwisho: kuna chaguo la kuwafanya wahusika wanung'unike badala ya kuongea, kama zamani. Kwa nyumba yenye watoto wasiofuata Kiingereza, liwashe tangu siku ya kwanza.

Inunue hii kama mchezaji wenu dhaifu ana miaka minane au zaidi, au kama tayari anacheza gemu nyingine za kuzungusha kamera. Toleo la Galactic Edition, lililotoka Novemba 2022, linaongeza vifurushi vya wahusika. Mtoto hatawakosa hao, nunua la kawaida isipokuwa tofauti ya bei iwe ndogo sana.

3. LEGO Jurassic World

Kwa mtoto anayependa dinosau, huu mpangilio wote unageuka na hii inakuwa namba moja. Ilitoka Juni 2015 pamoja na filamu ya mwaka ule, ikiwa na filamu nne za mwanzo za mfululizo huo na hatua 20. Switch iliipata mwaka 2019. Unaweza kuanza na filamu ya kwanza kabisa au ile ya 2015.

Nguvu yake ni kwamba unacheza ukiwa dinosau mwenyewe. Mtoto akipewa T. rex, haulizi tena fumbo liko wapi. Ananguruma, anavunja ukuta, anarudi kunguruma. Na watengenezaji walikumbuka wanaye mtoto mbele yao: kuna wahusika ambao kipaji chao ni kupiga mbizi kwenye rundo la kinyesi cha dinosau na kuibuka na kitu kinachohitajika. Watoto wanaomba hiyo kazi wapewe wao, kila mara.

Kamera ya ndani ya hatua inajiongoza. Skrini inagawanyika mkiachana na kuungana mkikaribiana, na mstari wa katikati unazunguka kufuata mlipo. Wengine mstari huo unaozunguka unawatia kizunguzungu. Ingia kwenye mipangilio uone kama unaweza kuufanya usimame wima.

Kinachoishusha ni mafumbo. Kila mhusika ana kazi yake: huyu anafukua, yule anakata mimea inayotambaa, huyu anapita pembamba, yule anatengeneza mitambo. Mnabadilishana wahusika kila dakika, na mtoto aliyempenda mmoja hataki kumwachia. Halafu sauti. Maongezi mengi yametolewa moja kwa moja kwenye filamu zenyewe, ambazo zimetofautiana kwa zaidi ya miaka 20, na inasikika: sentensi moja iko wazi, inayofuata ina mwangwi kama mtu anaongea kutoka chumba cha pili. Kwa mtoto mwoga, mngurumo wa T. rex kwenye giza na mvua bado ni mngurumo, hata akiwa wa plastiki. Cheza mwanzo mchana.

4. LEGO The Incredibles

Hii imedharauliwa kuliko inavyostahili. Hadithi ni ya familia yenye vipaji, na kucheza kwake kuko hivyohivyo: mama ananyooka na kujigeuza kuwa maumbo, baba anabeba vizito, binti anajikinga kwa ngao, mwana anakimbia kama upepo. Mzazi na mtoto wakikaa pamoja kila mmoja anajipatia nafasi yake bila kufundishwa. Mji wenyewe ni wa kuzunguka huru, na kukimbia barabarani kwa kasi ile ni burudani ya kutosha kwa mdogo asiyetaka kufuata hadithi kabisa. Kuna majengo makubwa mnayoyajenga pamoja kwa matofali maalumu mliyokusanya, nayo yanakufungulia wahusika wa filamu nyingine za Pixar.

Lakini ilitoka Juni 2018 ikikimbizana na filamu ya pili, na dalili za haraka zinaonekana. Hadithi inaanza na filamu ya pili, kisha inarudi nyuma kwenye ya kwanza. Mtoto asiyezijua filamu atapotea, na anayezijua atauliza kwa nini zimepinduliwa. Kazi za mjini zinajirudia mtaa baada ya mtaa: wahalifu wale, kukimbizana kule, kisha adui mkuu wa mtaa. Familia iliyoipenda filamu itavumilia. Wengine watachoka nusu ya njia.

5. Rush: A Disney Pixar Adventure

Hii si ya LEGO. Naiweka hapa kwa ajili ya nyumba ambako mchezaji dhaifu ana miaka minne au mitano. Ilizaliwa mwaka 2012 kama gemu ya Kinect kwa Xbox 360, ya kucheza kwa mwili, ikarudishwa mwaka 2017 kwa Xbox One na Windows ikiwa inachezwa kwa padi ya kawaida. Mmiliki wa PlayStation au Switch aipite tu.

Mtoto anajitengenezea mhusika wake, kisha kila filamu anayoingia inambadilisha: kwenye Cars anakuwa gari, kwenye Ratatouille panya, kwenye Toy Story mwanasesere. Ukianguka unarudishwa ulipokuwa na safari inaendelea. Mnacheza wawili. Ni fupi, mafumbo yake ni mepesi mno kwa mtoto mkubwa, na ukishaimaliza kinachobaki ni kukimbizana na alama za juu. Inunue ikiwa kwenye punguzo, na usitarajie idumu kama zile za juu.

6. LEGO Star Wars: The Complete Saga

Ya mwaka 2007, filamu sita za mwanzo, hatua 36. Ni ya bei ndogo, na inafanya kazi kwenye mashine za zamani na kompyuta dhaifu. Diski ya Xbox 360 inakubali hata kwenye Xbox One yenye sehemu ya diski. Wahusika hawaongei, vichekesho bado vinachekesha.

Ila haigawi skrini. Wawili mnabaki kwenye picha moja, mmoja akienda mbele na mwingine akibaki nyuma mnavutana, na aliye dhaifu ndiye anayeburuzwa mpaka shimoni. Tena mnaweza kupigana wenyewe kwa wenyewe hata bila kukusudia. Ndugu wawili wenye hasira za haraka hawataimaliza hatua kwa amani. Ukitoka katikati ya hatua, mkirudi mnaianza upya, kwa hiyo usiwashe gemu hii dakika kumi kabla ya muda wa kulala. Kama mashine yako inaweza kuendesha namba mbili, sioni sababu ya kununua hii.

Ambayo ningeiacha: LEGO The Hobbit

Iko kwenye rafu, bei yake inavutia, na kuicheza kwenyewe si kubaya. Lakini ilitoka Aprili 2014 wakati filamu ya tatu ilikuwa bado haijaonyeshwa. Gemu inaishia pale filamu ya pili inapoishia, na sehemu ya tatu iliyosubiriwa haikutolewa kamwe. Mtoto anafuata safari yote hiyo, joka linaruka, basi. Hakuna mwisho wa kumwonyesha. Sikubaliani na kuuza hadithi isiyo na mwisho kwa mtoto, hata kwa punguzo. Kama mnapenda ulimwengu huo, tafuteni LEGO The Lord of the Rings ya 2012. Hiyo ina filamu zake zote tatu.

Neno pia kuhusu gemu za bure zenye wahusika wa filamu. Disney Speedstorm, ya mashindano ya magari, inapakuliwa bila malipo tangu Septemba 2023, na inaendeshwa vizuri. Lakini mapato yake yanatokana na vitu vinavyouzwa ndani ya mchezo na misimu inayopita, na mtoto ataviona kila akiwasha. Gemu zote za LEGO nilizozipanga hapo juu unazilipia mara moja. Cha ziada kinachouzwa ni vifurushi vya wahusika, navyo havimsumbui mtu katikati ya mchezo. Kwangu mimi tofauti hiyo inatosha kulipia.

Kabla hujalipa

Angalia mashine yako inasoma nini. Xbox Series S na PlayStation 5 Digital hazina mahali pa kuingiza diski, na watu wananunua kasha zuri wakalirudisha kesho yake. Kama una sehemu ya diski, nunua diski: unaweza kumwazima ndugu, unaweza kuiuza mtoto akiimaliza, na iliyotumika inauzwa kwa bei nafuu. Diski za PlayStation 4 zinacheza kwenye PlayStation 5. Kwa Switch soma maandishi ya nje ya kasha, maana mengine yana kadi na bado yanadai upakue sehemu kubwa kwa intaneti, mengine yana namba ya kupakulia tu bila kadi yoyote. Unaponunua mtandaoni, usilipe bei kamili kwa gemu ya LEGO ya zamani; hizi hushushwa bei mara kwa mara na punguzo lake huwa kubwa, kwa hiyo iweke kwenye orodha ya unazozitamani usubiri.

Viwango vya umri vinasaidia kidogo tu hapa. Gemu hizi za LEGO kwa kawaida hupewa PEGI 7 ya Ulaya (miaka 7 na zaidi) au E10+ ya Marekani (miaka 10 na zaidi) kwa sababu ya vurugu za vichekesho, na kiwango hicho hakikuambii chochote kuhusu ugumu wa kucheza.

Hesabu padi mbili kwenye bajeti tangu mwanzo. Gemu za LEGO ni za wawili, si wanne, hivyo nyumba yenye watoto watatu ipange zamu kwa hatua na si kwa dakika, maana kumnyang'anya mtoto padi katikati ya hatua ni ugomvi. Kila mtoto apewe nafasi yake ya kuhifadhi mchezo, na ile ya mkubwa isiguswe.

Kama mzazi yuko mbali na nyumbani, tazama toleo la kompyuta kupitia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Huduma yake ya Remote Play Together inamruhusu mtu aliye kwingine kuingia kwenye gemu ya kukaa pamoja kama vile ameshika padi ya pili, na ni mmoja tu anayehitaji kuwa ameinunua. Intaneti ikiwa nzito picha itakatika na mikono itachelewa, kwa hiyo mpeni aliye mbali mhusika asiyehitaji kuruka sana.